Mama Gradi Ndani ya Tableti

Kila asubuhi Masika alikuwa na mchezo wake na mumewe. Parfait alipotoka lindoni na kusukuma mlango wa chumba chao cha mabati, hawakusalimiana kama watu wengine. Masika, mgongo ameugeuzia mlango na macho yakiwa kwenye sufuria ya chai, alianza neno akaliacha nusu hewani. Parfait alilimalizia.

"Bwana amekulinda usiku ku...?"

"Kucha!"

"Na hizo buti zinazonuka utaziweka n...?"

"Nje, Mama Gradi. Nimeshaziweka nje."

"Na chai yako leo haina su...?"

"Sukari," Parfait alisema, akikunja uso kama mtoto aliyenyimwa. "Haina sukari, haina raha, haina maana."

Wapangaji waliopanga foleni kwenye bomba la uani walicheka. Wengi wao hawakujua Kiswahili, ila mchezo waliuelewa. "Mwalimu ameanza," waliambiana.

Na mwalimu kweli alikuwa. Siku za kazi alisuka nywele ndani ya kontena kwenye kona ya mtaa, pale Alexandra. Jumapili alifundisha watoto wa kanisa la Wakongomani, darasa wanaloliita Ekodimu. Watoto wenyewe walizaliwa hapa hapa Johannesburg. Wao kwa wao walisema Kizulu, shuleni Kiingereza, na Kiswahili cha wazazi wao kiliwaingia masikioni lakini hakikuwatoka mdomoni. Masika aliwavuta maneno kwa sauti yake. Akiuliza nani alijenga safina, alisema, "Ni Musa?" na sauti ikashuka, ikachoka, kama ya mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha. "Ni Daudi?" Ikashuka zaidi. "Au ni Nuuu...?" Hapo sauti ilipanda na kungoja, nyusi nazo zikapanda, na darasa zima likalipuka: "Nuhu!"

Safari moja aliumwa, na mzee Fiacre, Mrundi wa kwaya, akamshikia darasa. Fiacre aliuliza maswali yale yale kwa sauti yake kavu. Watoto walitazama dari.

"Mama Gradi," alimwambia baadaye, "watoto wako wanaijua Biblia sana. Shida ukitoka wewe, na Biblia inatoka."

Masika alicheka mpaka akashika mbavu. Hakulifikiria zaidi.

Gradi, mtoto wao wa pekee, alikuwa kwa bibi yake Butembo, walikomwacha vita vilipowatimua. Walishuka kidogo kidogo, Lubumbashi, kisha Zambia, mpaka wakajikuta huku kusini. Kule kwao Parfait alikuwa fundi wa redio. Huku alipata kazi ya kulinda ghala kule Midrand. Ugonjwa ulimkuta hapo. Alianza kunywa maji kama gari linalovuja, halafu kidonda cha kidole cha mguu kikakataa kupona. Kliniki wakasema ni sukari.

Masista, wauguzi wa kliniki, hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wachache, wagonjwa walikuwa wamejaa mpaka ukutani, na Kiingereza chao kilikwenda mbio. Parfait aliitikia "yes, yes" kwa kila kitu. Kilichomwokoa kilikuwa Alhamisi. Siku hiyo alikuwapo Capitoline, mama wa Kirundi, mkalimani. Yeye hakutafsiri tu. Alikuja na mkate na chungwa mfukoni, akaviweka mezani, akamshika mgonjwa mkono na kumwonyesha: ukila hiki, sukari inapanda hivi, ukipiga sindano, inashuka hivi. Kisha alisema, "Haya, na wewe nieleze mimi." Asiyeweza kueleza hakuruhusiwa kuinuka. Wagonjwa walimnung'unikia na walimpenda. Parfait alikuwa na sindano moja tu ya jioni wakati huo, na kwa Alhamisi za Capitoline alisimama vizuri. Hata kidole kilipona.

Basi ndipo alipokuja Tumu.

Alikuwa mwanamke kijana, mpole, mzaliwa wa Soweto, mfanyakazi wa kampuni moja ya Midrand inayotengeneza mambo ya kompyuta kwa ajili ya hospitali. Alisimama mbele ya mabenchi na tableti kifuani, na Capitoline akamtafsiria.

"Kuna mtu akielezwa dawa mara moja anaelewa," Tumu alisema. "Kuna mwingine anahitaji kuelezwa polepole, na mtu wa kumfuata nyumbani. Sista hawezi kujua kwa kumwangalia mtu usoni. Na tukimpima kwa Kiingereza, tunapima Kiingereza chake, hatupimi uelewa wake. Kwa hiyo hii itamuuliza kila mmoja kwa lugha ya nyumbani kwake. Inasoma swali, inasoma majibu, mtu anagusa kioo. Hata asiyejua kusoma."

Kizulu kilikuwa kimepatikana, Kisotho kimepatikana, Kifaransa pia. Kiswahili kilikosa sauti. Tumu alimwomba Capitoline. Capitoline, aliyekuwa na kifua kibovu, alikohoa, akatazama huku na huku, akamwona Masika ameketi na mumewe.

"Mchukue huyu," alisema. "Huyu akisema, hata ukuta unaelewa."

Siku ya kurekodi Masika alivaa kitenge cha Pasaka, kana kwamba tableti ingemwona. Walimweka kwenye chumba kidogo chenye sponji ukutani. Nyuma ya kioo alikaa Adamu, fundi wa sauti. Taa nyekundu ilipowaka Masika aliogopa, akafumba macho, akawaona watoto wake wa Ekodimu wamekaa mbele yake. Woga ukaisha.

"Karibu. Usiogope. Hakuna jibu baya," alisoma, na Adamu akainua dole gumba.

"Leo hutakula chakula cha mchana. Sindano yako ya chakula utaifanyaje? Utapiga kama kawaida? Utapiga mara mbili? Au hutapiga?"

Alisoma hivyo mpaka jioni. Adamu alisema hajawahi kusikia sauti tamu hivyo, na kwamba Kizulu chenyewe kilisomwa kama tangazo la treni. Masika alirudi nyumbani kichwa juu. Wiki nzima Parfait aliwaambia walinzi wenzake kwamba mke wake anaishi ndani ya kompyuta.

Kipimo kilikuwa na rangi. Ukipata nyekundu, ulipewa mkalimani na mtu wa kukutembelea. Ukipata kijani, ulikuwa umeelewa; ulipewa dawa nyingi kwa mkupuo ukaenda zako, urudi baada ya miezi. Na watu wa Kiswahili walikuwa na sababu yao ya kutamani kijani. Getini pa kliniki siku hizo palisimama kikundi kilichojipa kazi ya kuuliza vitambulisho. Asiye wa nchi hii alirudishwa, mmoja kwa matusi, mwingine kwa kusukumwa. Kuja mara chache ilikuwa kama neema.

Wakaipata neema. Waliketi mmoja mmoja, wakavaa visikilizio vya masikioni, wakatabasamu. "Eh! Ni Mama Gradi huyu!" Wakagusa kioo, kijani. Mwingine akaketi, kijani. Hata bibi mmoja wa Bukavu, ambaye dawa zake zote alizitia kwenye chupa moja ya mayonezi na kuzinywa kwa kukisia, alipata kijani. Parfait alipata kijani cha juu kabisa. Kiswahili kilizipita lugha zote, hata Kiingereza, na Tumu alileta keki.

Mwezi uliofuata Alhamisi za Capitoline zilifutwa. Hakuna aliyemwonea, walimwambia, ila kompyuta ilionyesha watu wake hawana haja ya mkalimani. Alikusanya sahani yake ya plastiki na kisu chake cha kukatia chungwa.

"Umewasomesha vizuri, Mama Gradi," alimwambia Masika alipokutana naye kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Hakusema kwa uchungu. Ndiyo maana ilimchoma Masika.

Parfait naye alibadilishiwa dawa. Sukari yake ilikuwa imeanza kupanda, na kwa kuwa alikuwa wa kijani, walimpa mpango unaohitaji mtu mwenye kuelewa: sindano mbili zenye umbo la kalamu. Ya rangi ya chungwa ilifanya kazi haraka, ya kupiga kidogo anapokula. Ya kijivu ilifanya kazi polepole, ya kupiga nyingi anapokwenda kulala. Daktari alimweleza kwa Kiingereza. Parfait akasema "yes."

Kanisa likatangaza wiki ya kufunga na kuomba.

"Baba Gradi, na sindano je?" Masika aliuliza.

"Nafunga mpaka saa tisa tu. Wewe usiwe na wasiwasi. Mimi ni wa kijani."

Wiki hiyo alikuwa zamu ya mchana. Walinzi wenzake walimkuta nyuma ya ghala, ameketi chini, jasho linamtiririka, anaongea maneno yasiyo na mwanzo. Mmoja wao, ambaye mama yake alikuwa na ugonjwa huo huo, alimmiminia kinywani soda ya kwenye chupa. Alizinduka. Masika alipofika mbio, Parfait alikuwa anaona aibu tu, kama mtu aliyekutwa amelewa.

"Ulipiga ile ya chungwa?"

"Si ni ya mchana? Nilipiga mchana."

"Na hukula."

"Nilikuwa nimefunga, Masika! Unajua nilikuwa nimefunga."

Masika alimtazama. Swali hilo hilo alilisoma yeye, kwa mdomo wake, ndani ya kile chumba cha sponji. Na Parfait alilijibu sawa.

Kesho yake alimketisha saluni, kwenye kiti kilicho karibu na mlango, huku anamsuka Boipelo, binti wa mtaa huo asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Masika alimuuliza mumewe kama anavyouliza mtu bei ya vitunguu, bila kumtazama: usipokula, sindano ya chungwa unaifanyaje? Parfait alikuna shingo. Unapiga, alisema. Au unapiga nusu. Halafu akakasirika.

"Mbona unaniuliza kama askari wa mpaka? Niulize vizuri, kama kwenye tableti."

Basi Masika aliuliza kama kwenye tableti. "Utapiga kama kawaida? Utapiga mara mbili? Au hutapiga?"

"Hutapiga!" alisema Parfait.

Na wakati huo huo Boipelo, kichwa kimeinamishwa mikononi mwa Masika, aliinua vidole vitatu. "La tatu," alisema kwa Kiingereza, akicheka. "Nimeshinda, Mama?"

Mikono ya Masika ilisimama kwenye nywele. "Umejuaje?"

"Eish, si wewe umeniambia. Hayo mawili umeyatupa chini, hilo moja umelibeba kama mtoto."

Masika alimjaribu na swali jingine. Vidole viwili, na lilikuwa la pili. Akamjaribu tena. Kidole kimoja. Parfait naye alikuwa anapata kila moja, anafurahi, anapiga paja. Wawili hao walishindana kama watoto wa Ekodimu, mmoja akijua Kiswahili na mwingine hajui, na hawakupitana. Akilini Masika alimwona bibi wa Bukavu na chupa yake ya mayonezi. Aliona mabenchi yote ya kliniki, wote kijani.

"Baba Gradi," alisema polepole, "hujui kitu."

Parfait aliacha kucheka.

Siku iliyofuata Masika alivuka kile kikundi cha getini akiwa amefunika kichwa na kutazama chini, Parfait nyuma yake. Mmoja alimvuta kitenge, kikachanika pindo, hakugeuka. Alimtafuta Sista Khanyi, aliyewajua. Alimweleza kwa Kiingereza chake cha saluni: sauti ni yangu, nimewaonyesha majibu, mume wangu si wa kijani.

Sista Khanyi alikuwa na mafaili mkononi na foleni ya watu wa kuwaita majina. "Mama, watu wanakuja hapa kulia kwamba wamepata nyekundu. Wewe unalia kwamba umepata kijani?"

"Mfanye kwa Kizulu. Utaona."

"Siruhusiwi. Ni lugha ya nyumbani. Tena akishindwa kwa Kizulu, nitajua ameshindwa nini, dawa au Kizulu?" Alipumua. Hakuwa na moyo mgumu. "Sikiliza. Nitamrudishia kipimo. Akishuka, nitamwombea Capitoline arudi kwa ajili yake. Siwezi zaidi ya hapo."

Parfait aliketi mbele ya tableti. Masika alichuchumaa kando yake, akamshika goti. "Jibu unachojua wewe," alimnong'oneza. "Usinisikilize mimi. Nakuomba. Mimi ni muongo humo ndani."

"Nijifanye mjinga?"

"Usijifanye kitu. Ziba masikio ya moyo."

Parfait alivaa visikilizio. Masika hakusikia sauti yake mwenyewe, aliona tu uso wa mumewe. Mwanzoni aliukaza, akakunja ndita kama anayebeba gunia. Kisha tabasamu dogo likaja lenyewe pembeni mwa mdomo, lile la asubuhi, la buti na chai. Kidole kikaenda kwenye kioo. Masika alimwomba Mungu mumewe akosee. Hajawahi kuomba kitu kwa nguvu hivyo, hata vitani. Kidole kilikwenda, kikagusa, kikaenda tena, na Parfait alipomaliza aligeuka, macho yanang'aa, amesahau kabisa kilichowaleta.

"Nimepata?"

Ilikuwa kijani.

Sista Khanyi alikitazama kioo, akamtazama Masika kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira. "Mama, labda mumeo ana kichwa kizuri kuliko unavyofikiri," alisema, akaita jina la mtu mwingine.

Tangu siku hiyo mchezo wa asubuhi ulikufa. Masika aliiogopa sauti yake. Alijaribu kumfundisha Parfait kwa sauti iliyonyooka, kama ya Fiacre, na kalamu zote mbili mezani. Alimtafuta hata Capitoline, akaambiwa amehamia Durban kwa dada yake. Parfait alivumilia siku kadhaa, kisha akachoka. Alikuwa mwanamume mzima, alisema, hakuja Afrika Kusini kufanyiwa mitihani na mkewe.

"Ni ya chungwa wakati gani?" Masika alimuuliza asubuhi moja, huku uso kauelekeza ukutani ili nyusi zisimsaidie.

"Niache nilale."

"Jibu kwanza."

"Masika, mimi ni wa kijani! Tableti imesema, mara mbili. Na kwenye tableti ni nani anayesema?" Alicheka bila furaha. "Si wewe? Wewe mwenyewe ndiye uliyesema naelewa."

Masika alifika kazini akiwa amenuna. Wateja walikuwa wamengoja, mmoja alikuwa bibi harusi, na Masika alisuka bila kuinua kichwa. Alikuwa amemwacha Parfait anajiandaa kulala baada ya lindo la usiku. Wakati huo Parfait, peke yake, bila mtu wa kumwanzia neno, alichukua kalamu ya chungwa, akazungusha kipimo kikubwa cha ile ya kijivu, akapiga. Hakula. Alilala.

Jirani wa chumba cha pili ndiye aliyesikia mkoromo usio wa kawaida na kuja kugonga kontena. Masika alikimbia na kitana mkononi. Alimkorogea sukari, ikamwagika mdomoni haikwenda popote. Alimpaka kwenye fizi kwa kidole, akiita jina lake, akiita jina la mama yake. Gari la wagonjwa lilichelewa kwa sababu barabara zile za ndani haziingiliki kwa gari.

Hospitali walimrudisha, lakini hawakumrudisha mzima. Ubongo ulikaa muda mrefu bila chakula chake, daktari alisema. Parfait alifungua macho. Alimeza uji. Alifuata mwanga wa dirisha. Masika aliketi kando ya kitanda kila alasiri na kufanya kile alichokuwa amekikataza nyumbani kwake. Aliipandisha sauti, akaipandisha na nyusi.

"Bwana amekulinda usiku ku...?"

Parfait alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea wodi.

"Buti zako ziko n...? Baba Gradi. Ziko n...?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili, Mzulu, ndiye aliyegeuka akajibu kitu, basi tu kumliwaza.

Simu ya Tumu ilimkuta hapo hapo wodini. Walikuwa tayari kwa sehemu ya pili: presha na vidonge vya kifua kikuu. Na sehemu ya kwanza imependwa, Tumu alisema, inapelekwa Diepsloot na kwingine wanakokaa watu wa Kiswahili. Je, Mama anaweza kuja?

Masika alikwenda. Alishika teksi ya Midrand akiwa na nguo zile zile alizolalia kwenye kiti cha wodi. Njia nzima alijisemea Kiingereza atakachokisema, asipotee.

Tumu alimsikiliza mpaka mwisho. Aliposikia habari za Parfait alifunika mdomo kwa kiganja, na macho yakamlowa kweli.

"Tuliona Kiswahili kiko juu mno," alisema. "Kwenye namba ilionekana. Tulikaa mkutano mzima tukajadili. Tukasema labda tafsiri ni nzuri. Tulifurahi, Mama. Hatukuwa na mtu wa kusikiliza, tulikuwa na namba tu."

"Basi kizime hicho kipimo," Masika alisema. "Leo."

"Mimi sikizimi. Kina wenyewe waliokilipia. Nitaandika, nitawaeleza. Wanakutana mwezi ujao."

"Kuna bibi wa Bukavu. Anakunywa dawa kwa kukisia. Mwezi ujao atakuwa wapi?"

Tumu alitazama meza. "Twende hivi," alisema taratibu. "Sehemu ya pili tuisome sawa. Isome bila kupandisha. Hiyo itakuwa safi, halafu nitakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Nisaidie nikusaidie. Nakuletea chai."

Masika hakuwa na kingine cha kushika. Aliingia kwenye chumba cha sponji. Taa nyekundu iliwaka. Alisoma majibu ya presha kwa sauti iliyonyooka kama kamba ya nguo, haipandi, haishuki, na kila neno alilisikia likitoka limekufa.

Adamu alimsimamisha. Hakuwa ameambiwa kitu. "Mama, samahani. Unasoma kama mtu wa msibani. Hiki watakisikia wagonjwa. Fanya ile sauti ya kwanza, ile tamu. Anza na salamu, itakuja yenyewe."

Masika alifumba macho kama siku ile. Watoto wa Ekodimu hawakuja. Alikuja Parfait, na visikilizio masikioni, na lile tabasamu pembeni mwa mdomo, kidole kikielekea kwenye kioo.

"Karibu," alisema. "Usiogope. Hakuna jibu..."

Nyuma ya kioo Adamu alingoja, akainua dole gumba kumtia moyo.

Masika alivua visikilizio, akavitundika vizuri kwenye ndoano yake, maana havikuwa vyake. Alichukua mkoba. Kwenye korido alipishana na Tumu anayekuja na vikombe viwili, na Tumu akadhani anakwenda msalani, akampisha. Adamu aliacha taa inawaka. Chai ya Masika ilifunikwa kwa kisosi, ikakaa hapo mpaka ikafanya utando.

Nje jua la saa nane lilikuwa kali juu ya paa za maghala, na ghala alilokuwa akililinda Parfait lilionekana kule chini, na mlinzi mwingine mlangoni. Masika hakulitazama. Aliivuka barabara robot, ile taa ya kuongozea magari, ikiwa bado nyekundu, gari moja likampigia honi ndefu, na kwenye chumba cha sponji hakurudi.